Kujenga kituo kipya cha polisi Nairobi: anza na hesabu ya Jumapili usiku

Michoro mingi ya vituo vya polisi huanza na ofisi ya OCS (mkuu wa kituo) na sura ya mbele ya jengo, halafu seli zinasukumiwa kwenye kona iliyobaki. Matokeo yake ni kituo kinachopendeza siku ya uzinduzi na kuwatesa watu kwa miaka 40 inayofuata. Panga kinyume chake: seli na ofisi ya ripoti kwanza, mengine yazizunguke.

Seli ngapi, za ukubwa gani

Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Saa hizo zikiishia siku isiyo ya mahakama, atasubiri siku ya mahakama inayofuata. Kwa hiyo anayekamatwa Ijumaa jioni asipopata bondi atalala ndani hadi Jumatatu. Seli hufurika Jumapili usiku, na huo ndio usiku wa kupigia hesabu.

Chukua OB (madaftari ya matukio) za kituo kinachohudumia eneo hilo kwa sasa, upitie miezi 12, uandike waliokamatwa kila siku na walioachiliwa kwa bondi. Tuseme siku ya kawaida wanakamatwa 14, Ijumaa 16, Jumamosi 24, Jumapili 20, na nusu yao huachiliwa. Usiku wa katikati ya wiki wanalala 7. Jumapili usiku wanalala 30: 8 wa Ijumaa, 12 wa Jumamosi na 10 wa Jumapili. Aliyejenga kwa kufuata wastani atajenga seli za watu 8 na kuwasukumia ndani 30.

Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu hupendekeza angalau mita mraba 3.4 kwa kila mtu kwenye chumba cha pamoja gerezani. Kwa watu 30 hizo ni mita mraba 102. Zigawe kulingana na sheria: Jedwali la Tano la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 linataka wanaume wakae mbali na wanawake, na watoto mbali na watu wazima. Kwa mfano wetu, wanaume 20 wapate vyumba vitatu vya mita mraba 23 kila kimoja, wanawake 6 chumba cha mita mraba 20.5, watoto 4 chumba cha mita mraba 14. Kwa nini vitatu vya wanaume na si kimoja kikubwa? Washukiwa wa kesi moja wakilala pamoja watalinganisha maelezo yao kabla ya asubuhi, na ukiwa na chumba kimoja huna pa kumweka mgonjwa wala mlevi anayepigana.

Kiwanja

Usichore chochote kabla ya hati. Vituo na kambi za polisi za Nairobi vimewahi kumegwa ardhi kwa sababu tu kiwanja kilijulikana kuwa "cha serikali" bila karatasi. Hati ipatikane, kwa kawaida kwa jina la Waziri wa Hazina ya Kitaifa kama mdhamini, mipaka ipimwe na mpima ardhi aliyesajiliwa, na ukuta ujengwe kabla ya jengo. Ukuta ukitangulia, unalinda pia sementi na nondo.

Kituo kisicho na nyumba za maafisa kinakaa vizuri kwenye ekari 1.5 hadi 2. Kinachokula nafasi zaidi ni yadi, wala si ofisi. Kila gari lililozuiliwa linahitaji takriban mita mraba 25 pamoja na njia ya kugeuzia, na bodaboda moja mita mraba 3. Magari 20 na pikipiki 60 ni mita mraba 680. Yadi isipopangwa, pikipiki hizo zitapangwa mbele ya mlango wa ofisi ya ripoti, zikivuja petroli. Iweke angalau mita 10 kutoka kwenye jengo, na lango lake liwe tofauti na la wananchi.

Ukikaribia mto, rudi nyuma mita 30 na usikubali kubembelezwa. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 kandokando ya Mto Mathare na Mto Ngong yalionyesha maji yanavyorudi kudai njia yake. Na kituo kiwe mahali ambapo mtu anaweza kufika kwa miguu kutoka steji usiku. Anayekuja kuripoti kuibiwa hana nauli.

Chimba mashimo ya majaribio walau matano, moja kila pembe na moja katikati. Upande wa Embakasi, Ruai na sehemu za Kasarani utakuta udongo mweusi wa pamba, ule unaonata kwenye buti wakati wa mvua na kupasuka kiangazi kiasi cha kuingiza mkono. Ukijenga juu yake, ukuta utapasuka kwa mshazari kutoka pembe za madirisha baada ya msimu mmoja au miwili. Uzolewe wote hadi maramu ngumu au mwamba, ujaze kifusi cha mawe kwa tabaka za mm 150 zilizoshindiliwa moja moja. Ukizidi kina cha mita 2, mwachie mhandisi aamue kama ni msingi wa jamvi (slabu moja chini ya jengo lote) au nguzo zinazozamishwa ardhini. Upande wa Karen na Dagoretti udongo mwekundu ni rahisi zaidi, ila nao upimwe.

Idhini

Michoro huidhinishwa na Kaunti ya Nairobi, mazingira na NEMA (mamlaka ya mazingira), na mradi husajiliwa NCA (mamlaka ya ujenzi) kabla ya jembe la kwanza. Ukiwa na mlingoti wa redio, au ukiwa karibu na viwanja vya ndege vya JKIA au Wilson, peleka urefu wake KCAA (mamlaka ya usafiri wa anga) mapema. Idhini hii husahaulika hadi mlingoti unapofika saiti.

Njia za watu

Chora njia nne kwenye karatasi ya ramani: anayeripoti, aliyekamatwa, afisa, na kielelezo. Zisikatane. Mwanamke anayekuja dawati la jinsia, linalopokea kesi za ukatili wa kijinsia, asipite mbele ya watu waliofungwa pingu. Dawati hilo lipewe mlango wake, chumba cha mahojiano chenye dari na kuta zisizopitisha sauti, na choo chake. Aliyekamatwa ashushwe nyuma, uani, mlango ambao mwananchi hauoni, apite meza ya kuandikishwa, kisha seli.

Kaunta iwe na urefu wa mm 1,100, na sehemu ya mita moja ishushwe hadi mm 800 kwa anayetumia kiti cha magurudumu. Mteremko wa kuingilia uwe 1:12. Ukiinuliwa kuwa 1:8 kwa sababu nafasi ilikosekana, hakuna atakayeupanda peke yake.

Seli zenyewe

Hapa usibane pesa. Mawe ya Ndarugu, yaani mawe ya kuchongwa ya ujenzi, ni mazuri kwa ofisi, lakini kwenye seli chokaa ya viungo hukwanguliwa kwa kijiko hadi jiwe litoke. Kuta ziwe za zege la mm 150 hadi 200 lenye nondo, au bloku zenye matundu yaliyojazwa zege na nondo ya mm 10 kila mm 600. Juu iwe slabu. Mabati na mbao havina kazi juu ya seli.

Ndani pasiwe na kitu cha kufungia kamba: hakuna bomba linaloonekana, hakuna ndoano, hakuna nondo za dirisha zinazofikiwa kwa mkono. Hewa ipite kwenye matundu ya juu yaliyozibwa kwa bamba la chuma lenye vitobo vidogo. Taa izame kwenye slabu nyuma ya polikaboneti, swichi iwe nje. Mlango ufunguke kwa nje, kwani mtu akianguka nyuma ya mlango unaofunguka ndani hutamfikia. Sakafu iteremke 1:80 kuelekea mfereji ulio nje ya chumba, na valvu ya maji ya choo iwe kwenye korido ili choo kikiziba kifungwe bila kumwaga maji kwa walio ndani.

Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi inataka pia eneo la nje, yaani pa kuota jua, na hapo ndipo penye udhaifu mkubwa. Agosti 2024 watu 13 walitoroka kituo cha Gigiri baada ya kukata wavu uliofunika sehemu hiyo. Wavu wa waya peke yake hautoshi. Weka nondo za mm 16 zilizochomelewa kila mm 100 kwa njia zote mbili, wavu uje chini yake, kuta ziwe laini zenye kimo cha mita 4, na eneo lote lionekane kutoka meza ya zamu. Kisha liingie kwenye ratiba ya ukaguzi: kila zamu inapobadilishana, kila kiungo kinagongwa kwa fimbo ya chuma. Nondo iliyoanza kukatwa hutoa mlio uliokufa.

Silaha, vielelezo, kamera

Ghala la silaha liwe la zege pande zote sita, bila dirisha, mlango wa chuma wenye kufuli mbili za funguo tofauti, mkabala na meza ya zamu na mbali na seli. Nje yake weka sanduku la mchanga la kuelekezea mtutu wakati wa kutoa risasi chemba.

Chumba cha vielelezo huharibiwa na unyevu. Rafu zianzie mm 150 juu ya sakafu, hewa ipite, na jokofu la sampuli liwe na umeme wa akiba. Lebo ikiota ukungu Mei, kesi inaanguka Novemba.

Kamera 16 zikirekodi megabiti 2 kwa sekunde zinatumia karibu gigabaiti 346 kwa siku, ambazo ni terabaiti 10.4 kwa siku 30 na zaidi ya 31 kwa siku 90. Nunua za siku 90, maana malalamiko huchelewa. Mashine ya kurekodi ikae chumba ambacho funguo zake hazishikwi na zamu wala OCS peke yake, na nakala iende nje ya kituo kila siku. Baada ya kifo cha Albert Ojwang, aliyekuwa kizuizini katika kituo cha Central Juni 2025, IPOA (mamlaka huru ya kusimamia polisi) ilisema mfumo wa kamera ulikuwa umechezewa. Mchoro mzuri humwondolea mtu mmoja uwezo huo.

Maji na umeme

Mgao wa maji Nairobi ni wa kawaida. Watu 30 wa seli kwa lita 50, maafisa 40 kwa lita 40, wageni 150 kwa lita 5, na usafi lita 500: jumla lita 4,350 kwa siku. Akiba ya siku tatu ni matangi mawili, la lita 10,000 na la 5,000. Paa la mita mraba 350 likipata mvua ya mm 20 hukupa takriban lita 5,600, kwa hiyo weka mifereji tangu mwanzo. Redio, kamera, taa za seli na OB ya kidijitali ziwe kwenye saketi moja yenye inveta. Jenereta ibebe mengine.

Pesa na makabidhiano

Kama fedha ni za awamu, awamu ya kwanza iwe kitu kinachotumika: ofisi ya ripoti, seli, ghala la silaha, vyoo, maji, ukuta. Nguzo za ghorofa zilizoachwa na nondo wazi zitashika kutu kabla ya bajeti ijayo.

Kila slabu itolewe vipande vya majaribio vya mm 150 na vivunjwe siku ya 7 na ya 28. Mwanakandarasi asilipwe cheti cha zege bila majibu hayo. Shikilia asilimia 10 ya malipo hadi kipindi cha kasoro kiishe, yaani muda ambao mwanakandarasi bado anawajibika kurekebisha makosa. Kikiwa cha miezi sita, mara nyingi kitaangukia kwenye msimu mmoja wa mvua, wa Machi hadi Mei au wa Oktoba hadi Desemba. Nenda na mhandisi siku inaponyesha, zima umeme makusudi, jaza matangi, vuta vyoo vyote vya seli kwa pamoja, na uandike orodha ya kasoro papo hapo kabla cheti cha mwisho hakijatiwa saini.