Ninavyoionja Barolo

Usiihukumu Barolo, mvinyo mwekundu, kwa rangi. Chupa yangu ya kwanza nilidhani imechujuka, maana niliviona vidole vyangu upande wa pili wa glasi. Kumbe zabibu zake, aina ya Nebbiolo, ndivyo zilivyo, na ule ukingo wa rangi ya tofali ni umri tu.

Mvinyo huu wa Piemonte, Italia, hukomazwa angalau miezi 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati ya hiyo ndani ya mapipa ya mbao. Kwa hiyo ufungue mapema, umimine kwenye jagi, uuache saa moja au mbili. Nyuzi joto 16 hadi 18 zinatosha. Ukiwa baridi sana, ukakasi hupanda na harufu hujificha.

Nusa kabla hujaitikisa glasi. Kisha izungushe, unuse tena. Mimi hutafuta waridi lililokauka, cheri na lami (ndiyo, lami, na inapendeza). Vanila na mbao zilizochomwa hutoka hasa kwenye mapipa madogo mapya ya mwaloni, yale ya lita 225. Makubwa ya zamani hayaachi harufu nyingi. Nikisikia vanila kabla ya tunda, napunguza alama bila haya.

Sasa piga funda dogo, ulizungushe hadi kwenye fizi. Ulimi utakauka kama umekunywa chai ya rangi iliyosahaulika jikoni. Ngoja: je, mate yanarudi? Uchachu mzuri huyarudisha. Meza, uhesabu kimyakimya. Tunda likidumu baada ya ukakasi kuondoka, chupa ni nzuri. Ukibaki unalamba ubao, pipa limeumeza mvinyo.