Kuunganisha Darubini ya Dobson Yenye Kompyuta Ukiwa Nyanda za Juu Kusini

Darubini ya Dobson ni bomba lenye kioo mbonyeo upande wa chini, linalokaa juu ya kitako cha mbao kinachozunguka huku bomba lenyewe likipanda na kushuka. Muundo huu ulienezwa na John Dobson wa Marekani, aliyetaka watu wa kawaida wajitengenezee darubini kubwa kwa vifaa vya bei nafuu. Aina yenye kompyuta imeongezewa mota mbili na rimoti yenye orodha ndefu ya nyota na sayari. Wanunuzi wengi huitegemea rimoti hiyo irekebishe kila kitu, lakini kompyuta haioni mbingu: hupiga hesabu kwa kufuata kitako ulichokifunga na taarifa ulizoiingizia, na darubini inapokosa shabaha, chanzo mara nyingi kimo katika mojawapo ya hayo mawili.

Anza na kitako, tena juu ya sakafu iliyo sawa. Mbao zake kwa kawaida ni chipbodi, ambayo tundu lake likishalika halishiki skrubu tena. Kwa hiyo acha mashine ya kutoboa kabatini, ingiza skrubu zote kwa mkono zikiwa zimelegea, hakikisha mbao zimekaa pembe mraba, ndipo uzikaze kidogo kidogo kwa zamu. Kingo zilizokatwa zisizo na ganda la plastiki zipakwe vanishi, kwa sababu unyevu wa mvua za Novemba hadi Aprili huivimbisha chipbodi na kitako kilichovimba hukwama kinapozunguka. Mota ya chini isilazimishwe kukaa. Ikikataa, kuna waya uliobanwa au kipande kilichogeuzwa.

Bomba la darubini yenye kioo cha kipenyo cha milimita 200 libebwe na watu wawili wakati wa kulipandisha. Vumbi kidogo juu ya kioo kikuu halidhuru picha, ilhali kitambaa kinaweza kukichubua, basi kiache kama kilivyo. Kabla ya usiku wa kwanza, chungulia kupitia tundu la lenzi na urekebishe skrubu za kioo kidogo kilicho upande wa juu wa bomba, kisha za kioo kikuu, hadi vioo vyote viwe kwenye mstari mmoja. Mchana huohuo, linganisha darubini ndogo ya kulengea na bomba kuu kwa kutumia mnara wa simu ulio mbali; picha itaonekana juu chini, na hiyo si kasoro. Mnara huo usiwe upande wa jua, kwani mwanga wake hupofusha jicho mara moja.

Darubini nyingi za aina hii hutumia umeme wa volti 12. Betri ya gari au ya sola inafaa, mradi fundi apime chanya na hasi ya plagi na kuthibitisha kwamba mfumo wa sola si wa volti 24, ambao unaweza kuunguza saketi. Betri inapochoka mota huanza kusuasua na rimoti hupoteza hesabu, jambo ambalo wengi hudhani ni ubovu wa programu.

Sasa taarifa, na hapa ndipo watumiaji wa kwetu hujikwaa kuliko penginepo. Rimoti inataka saa za hapahapa kwa mtindo wa kimataifa wa saa 24: saa mbili na nusu usiku huandikwa 20:30, na saa saba usiku ni 01:00, wakati tarehe imekwishabadilika. Mtu akiacha saa nyuma kwa saa sita, mbingu ya kompyuta itapishana na ile halisi kwa digrii 90. Rimoti nyingi pia hutanguliza mwezi kabla ya siku, kwa mtindo wa Marekani. Ukiandika tarehe 7 Juni kama 07/06, itasoma 6 Julai na kukosea kwa karibu digrii 29. Mbeya mjini iko S 8°54′ na E 33°27′, Iringa ni S 7°46′ na E 35°42′. Herufi ya latitudo isibaki N. Ukanda wa saa ni +3, na swali la saa za kiangazi, yaani kusogeza saa mbele msimu wa joto, lijibiwe hapana.

Toa darubini nje karibu saa moja kabla ya kuitumia, kwa kuwa kioo chenye joto la nyumbani hutikisa picha katika baridi ya kipupwe cha Mbeya au Njombe. Sawazisha kitako kwa pima maji, kisha fuata hali ya kuanzia inayotajwa na kijitabu cha darubini yako. Rimoti ikikuomba nyota mbili za kulinganishia, usichague iliyo utosini, maana mota za kitako hiki hupata shida kuifuata. Jioni za katikati ya Juni, Spica hupita karibu kabisa na utosi wa Mbeya, na Rigel hufanya vivyo hivyo mwanzoni mwa mwaka. Mwezi huo wa Juni tumia Arcturus upande wa kaskazini na Rigil Kentaurus upande wa kusini, jirani na Msalaba wa Kusini. Soma jina lote, kwani Rigel na Rigil Kentaurus ni nyota mbili tofauti.

Ikamate kila nyota kwa lenzi ya kuchungulia ya milimita 25, kisha iweke katikati kwa ile ya milimita 10 inayokuza zaidi, ukimalizia kwa vitufe vilevile viwili kwa nyota zote ili ulegevu wa gia usikupotoshe. Jaribio zuri ni kuiagiza iende kwenye fungu la nyota liitwalo Omega Centauri: likiwa ndani ya lenzi ya milimita 25, kazi imekamilika, likikosekana, rudia nyota mbili kabla ya kugusa skrubu yoyote. Ukimaliza, zima umeme, ingiza bomba ndani, na usifunge kifuniko mpaka umande ulioshika kioo ukauke.