Kununua raba ya mazoezi Nairobi: finya, pinda, vua insoli uangalie ndani

Kama unatafuta raba ya kukimbia ama ya jimu na uko Nairobi, wachana kwanza na rangi, na wachana pia na jina limeandikwa ubavuni. Najua ni ngumu, juu pale soko za mitumba za Gikomba ama Toi zimeoshwa zikang'aa hadi unadhani zimetoka kiwandani jana, lakini raba ya mazoezi huwa inafia ndani, kwa ile sponji nene iko kati ya mguu na soli ya chini. Soli inaeza kuwa na meno yote na bado sponji ilishakufa kitambo, na ukianza kukimbia nayo ni magoti ndo yatakuambia.

Alafu jua unaenda kufanya nini nayo. Raba ya kukimbia imetengenezewa kwenda mbele tu, sponji ni laini na kisigino kimeinuka, sasa ukiivaa uende kucheza netiboli ama basketi, mahali unakata kushoto kulia kila dakika, kifundo kinateguka chap. Wa kubeba vyuma nao hawataki sponji kabisa, ukichuchumaa na chuma mabegani juu ya kitu laini unayumba, hapo tafuta soli bapa na ngumu, na kusema ukweli zile raba za kitambaa za Bata tulikuwa tunavaa PE zinatosha, sioni haja ya kumwaga pesa. Wa zumba waangalie soli isinate sana kwa sakafu, juu unazunguka na mguu ukibaki umenata ni goti ndo linajipinda. Kutembea tu? Raba ya kukimbia iko sawa.

Kama ni msitu wa Karura unaenda, huko ni njia ya udongo na mizizi, na mvua ya Aprili ikipiga kuna utelezi wa maana, so meno marefu yanasaidia. Lakini hayo meno ukiyapeleka kwa lami kila asubuhi yanalika haraka sana, mtu wa barabarani achukue soli yenye meno mafupi.

Na kuna wale lazima wapate kama ile ya mkimbiaji Eliud Kipchoge alivaa Vienna 2019 akimaliza umbali wa marathon kwa saa 1:59:40. Boss, hizo ni za siku ya mbio. Ndani kuna bamba la kaboni, sponji imeinuka sana mpaka World Athletics, wale wanasimamia riadha duniani, wakaweka kikomo cha milimita 40 kwa mbio za barabarani, na hiyo sponji haijatengenezwa ikae miaka. Mtu ndo anaanza mazoezi anayumba tu huko juu. Na ukipata moja inauzwa bei ya soda pale tao, jua ni feki.

Sasa mitumba, juu wengi wetu ndo huko tunanunua. Usiharakishwe na muuzaji, shika kiatu na mikono yako. Bonyeza sponji na kidole gumba kutoka ubavuni, inafaa ibonyee kidogo alafu irudi. Ikiwa ngumu hairudi nyuma, ama ubavu wa kisigino uko na mikunjo mingi imelala, hiyo imeisha. Shika mbele na nyuma uipinde: inafaa ikunjike pale vidole vyako hukunjika, ikikunjika katikati rudisha. Kisha izungushe kama unakamua nguo, ikizunguka kirahisi hiyo haitakushikilia mguu. Finya pia ile sehemu ya nyuma inashika kisigino, ikilala kabisa ikawa laini utakuwa unateleza ndani kila hatua.

Alafu iweke mahali tambarare, meza ama hata sakafu, uinamie uiangalie kutoka nyuma. Ikiinamia upande mmoja achana nayo hata kama ni bei nzuri, juu hiyo ilishajifunza kutembea kama mwenyewe wa kwanza na wewe si yeye. Toa insoli, ile soli laini ya ndani mguu unakanyaga, uangalie chini yake, huko hakuna mtu huosha, utaona kama kisigino cha mwenyewe kilichimba shimo. Na nusa. Harufu kali ya gundi ama rangi mpya nyeupe kwa sponji inamaanisha imerekebishwa ndo iuzwe. Kurekebishwa si dhambi lakini bei ishuke.

Kitu watu hawajui ni kwamba raba inazeeka hata ikikaa kwa kabati haivaliwi. Kuna sponji za polyurethane ambazo unyevu unazila polepole miaka inavyopita, unaivaa siku moja soli inamomonyoka vipande vipande barabarani. Brand nyingi huweka tarehe ya kutengenezwa kwa ile lebo ndogo ndani ya ulimi wa kiatu, isome, hata kama unanunua mpya dukani kwa ofa, hasa kwa ofa.

Saizi: enda jioni, mguu ukishavimba kidogo, na uende na soksi zenye utavaa mazoezini. Vaa zote mbili usimame, usipime ukiwa umekaa kwa stuli. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba, na kama miguu yako haitoshani fuata ule mkubwa. Hizo namba za UK na za Marekani zinabadilika kutoka brand moja hadi nyingine, sentimita kwa lebo ndo haikuchanganyi sana. Na muuzaji akikuambia "itaachia tu", kitambaa kinaeza kuachia upana kidogo lakini urefu hauongezeki, vidole ndo vitaumia.

Kuna mtu atakuambia uloweshe unyayo ukanyage karatasi ndo ujue raba yako ni gani. Jeshi la Marekani walijaribu hiyo kwa makurutu, wengine wakapewa raba kulingana na unyayo na wengine wote wakapewa aina moja, na majeraha yakatoka karibu sawa tu. Mimi nafuata ile mguu inasikia poa kutoka siku ya kwanza. Lakini kama una maumivu hayaishi, hiyo si ya muuzaji wa viatu, ona daktari ama mtu wa fizio.

Kwa kukimbia, raba mpya wengi huihesabia kilomita 500 hadi 800. Ukikimbia kilomita tano mara tatu kwa wiki hiyo ni kama miezi nane hadi mwaka mmoja hivi, ya mitumba toa zile zishaliwa na mwenyewe wa kwanza. Na usiende nayo job na kanisa na sokoni, hizo kilomita zote zinahesabika. Kile kitundu cha mwisho cha kamba kila mtu anaruka, kitumie, kisigino kinashikwa vizuri bila kukaza kamba mpaka mguu ufe ganzi.

Ukiosha, tumia maji baridi na sabuni kidogo, toa insoli, jaza magazeti ndani uanike kwa kivuli, si juu ya mabati saa saba mchana, joto linalegeza gundi. Na soli ikianza kuachana, fundi atakuambia tu aishone kuzunguka. Kwa raba ya kutembea sawa. Kwa ya kukimbia sipendi, sindano inatoboa sponji na maji yanapata njia ya kuingia, mwambie asafishe vizuri, apake gundi, aibane hadi kesho ndo uichukue.