Bilibili kwa mgeni: anza na danmu

Nimekaa Bilibili, mtandao wa video wa China, miaka kadhaa nikijifunzia Kichina, na wengi ninaowaelekeza hukwama palepale. Video inaanza, maandishi yanamiminika kutoka kulia kwenda kushoto hadi nyuso za watu hazionekani, nao wanafunga. Usifunge. Hayo maandishi ni danmu, maoni ya watazamaji, nayo ndiyo Bilibili yenyewe.

Hatua ya 1: Tuliza kioo. Kutazama bila akaunti kunawezekana, ila picha itakuwa hafifu. Chini ya video kuna kitufe chenye herufi 弹. Hicho ndicho huwasha na kuzima danmu, yaani "pazia la risasi". Kwenye mipangilio ya pembeni yake, punguza eneo la maandishi libaki robo ya kioo.

Hatua ya 2: Soma, usiandike. Danmu hufungwa kwenye sekunde ya video, si kwenye saa ya ukutani. Aliyecheka miaka minane iliyopita atacheka tena leo ukifika sekunde ileile. Ni kibanda umiza ambacho watazamaji wake hawajawahi kwenda nyumbani. Ukiona 233, ni kicheko. Kadiri 3 zinavyoongezeka ndivyo mbavu zinavyouma. 666 ni sifa: huyu fundi kweli. Maneno 前方高能 yanaonya kwamba mbele kuna mambo mazito. Kwenye filamu za kutisha, watu hujaza kioo kwa makusudi na danmu za "kukinga mwili" ili zimwi lisionekane vizuri. Mimi bila kinga hizo sitazami.

Hatua ya 3: Mtihani. Ndiyo, mtihani: maswali 100, na ukipata 60 umepita, unaruhusiwa kutuma danmu. Kwanza unaulizwa adabu za danmu, kisha mada unazochagua mwenyewe. Anime, yaani katuni za Kijapani, ina uzito wake hapa, kwani Xu Yi alipouanzisha mtandao huu mwaka 2009 uliitwa Mikufans, kijiwe cha mashabiki wa Hatsune Miku, mwimbaji wa kompyuta kutoka Japani. Jina la Bilibili lilikuja 2010. Lakini usichague anime kwa kujionesha kama nilivyofanya mimi. Chagua unachokijua.

Hatua ya 4: Tuma. Fupi, na usitoboe siri ya hadithi. Danmu yangu ya kwanza ya maana ilimtaja muuaji katika sehemu ya pili ya tamthilia. Ikaripotiwa, ikafutwa, na nilistahili.

Hatua ya 5: Shukuru. Mwenye video huitwa UP zhu. Bonyeza alama ya dole gumba bila kuachia: unapenda, unatoa sarafu na unahifadhi kwa mpigo mmoja. Wenyewe huita yijian sanlian. Sarafu hizi hupati dukani. Unapewa moja kila siku unapoingia, ndiyo maana watu huzibania. Ukiona uchungu kuitoa, andika xiaci yiding, "mara ijayo bila shaka". UP zhu anajua hiyo mara ijayo haipo, naye atacheka.