Namna ya Kuthibitisha Kwamba Kampaundi Inaongeza Kipokezi cha LDL Kwenye Utando wa Seli

Mwanafunzi wa uzamili wa biokemia jijini Nairobi anayechunguza dondoo la mti wa dawa mara nyingi hupima mRNA (nakala ya jeni inayotumika kutengeneza protini) peke yake, akaona imepanda, kisha akaandika kwamba kampaundi yake imeongeza kipokezi. Hitimisho hilo huja mapema mno, kwa sababu protini ya utando haina kazi mpaka ifike kwenye utando wenyewe, na kati ya jeni na utando kuna vituo kadhaa inakoweza kukwama au kuharibiwa. Mwongozo huu unafuata kipokezi cha LDL (chembe za lipoprotini zinazobeba kolesteroli katika damu), protini ya amino asidi 839 inayopenya utando mara moja tu, ambayo kazi yake iliwapatia Michael Brown na Joseph Goldstein Tuzo ya Nobel mwaka 1985.

Kabla ya kugusa seli, ni lazima uelewe jinsi jeni hii inavyowashwa. Kolesteroli ikipungua ndani ya seli, protini iitwayo SREBP-2 husafirishwa hadi kwenye vifuko vya Golgi, hukatwa huko, na kipande chake huingia kwenye kiini na kuiamsha LDLR, yaani jeni ya kipokezi hicho. Statini, dawa za kushusha kolesteroli, hutumia njia hiyo: huzuia kimeng'enya cha HMG-CoA riduktasi, kolesteroli ya seli inapungua, na seli inajibu kwa kutengeneza vipokezi zaidi. Beberini, inayopatikana katika mimea ya jenasi ya Berberis, hupita njia nyingine. Watafiti wa China walionyesha mwaka 2004 kwamba huifanya mRNA ya LDLR idumu zaidi bila kutegemea SREBP-2. Zitumie zote mbili kama vilinganishi, ili kampaundi yako mpya ionekane inafanana na ipi. Kwa upande wa kushusha, tumia 25-haidroksikolesteroli, ambayo huizima njia ya SREBP-2.

Jambo linaloharibu majaribio mengi ni seramu. Seramu ya ndama ya kawaida imejaa LDL, na seli za ini aina ya HepG2 zikiinywa hushiba kolesteroli na kuzima jeni ile ile unayotaka kuiona ikiwaka. Panda seli katika seramu ya kawaida, uziache zishike chini usiku mmoja, kisha uzioshe na kuzihamishia kwenye kiowevu cha kukuzia seli chenye seramu iliyoondolewa lipoprotini kabla ya kuweka kampaundi. Visima vyote vya sahani ya kukuzia seli, hata vile visivyo na dawa, vipitie mabadiliko hayo kwa saa ile ile, kwa kuwa kuondoa lipoprotini peke yake hupandisha LDLR, na ongezeko hilo lisihesabiwe kuwa kazi ya kampaundi.

Nairobi iko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa ni takriban kilopaskali 83 badala ya 101. Inkubeta iliyowekwa kwenye asilimia 5 ya kaboni dioksidi kwa ujazo huwapa seli gesi pungufu kuliko inavyokusudiwa, na kiowevu huelekea kuwa alkali. Asilimia 6 hivi ndiyo inayokaribia hali ya pwani. Usiitegemee namba iliyo kwenye kioo cha mashine. Pima pH ya kiowevu kilichokaa humo usiku kucha, na urekebishe mpaka ikaribie 7.4.

Kuhusu dozi, anza na kipimo cha uhai wa seli ili usidhani seli zinazokufa zinakupa habari. Kiyeyusho cha DMSO kisizidi asilimia 0.1, na kiwe sawa katika kila kisima. Ukitumia simvastatini au lovastatini, kumbuka kwamba huuzwa zikiwa katika umbo la laktoni (pete iliyofungwa, isiyozuia kimeng'enya), kwa hiyo zifungue kwanza kwa alkali au ununue umbo la asidi.

Unapopima mRNA, pima HMGCR, jeni ya HMG-CoA riduktasi, sambamba na LDLR. Jeni zote mbili huongozwa na SREBP-2, kwa hiyo zikipanda pamoja una dalili ya njia ya statini. Ikipanda LDLR peke yake, shuku kwamba mRNA inadumu zaidi, kisha zuia unakili wa jeni kuwa mRNA kwa aktinomisini D na uchukue sampuli kila baada ya dakika 30 uone inavyopungua. Rudia jaribio zima angalau mara tatu, kwa seli zilizopandwa siku tofauti. Visima vitatu vya sahani moja bado ni jaribio moja.

Baada ya hapo ifuate protini yenyewe. Katika upimaji wa protini kwa jeli na kingamwili, kipokezi kichanga huonekana karibu na kilodalton 120 na kilichokomaa karibu na 160. Bendi ya chini ikinenepa bila ya juu, protini inatengenezwa lakini haikomai. Kwa uso wa seli, tumia kingamwili inayotambua sehemu ya nje, kwenye seli ambazo hazijatobolewa, na uzisome kwa saitometa, mashine inayopima mwanga wa seli moja moja. Seli hizo usizing'oe kwa kimeng'enya cha tripsini, kwa sababu hukata protini za nje na kufuta ushahidi wako. EDTA inatosha, mradi uwe na subira. Mwisho, lisha seli LDL iliyotiwa rangi ya DiI katika nyuzi 37 na upime kiasi kilichoingia.

Ikitokea mRNA imepanda sana na uso wa seli haujabadilika, mshukiwa wa kwanza awe PCSK9. Protini hii hutolewa nje ya seli, hukishika kipokezi, na kukipeleka kwenye laisosomu, kifuko cha seli cha kumeng'enyea, kiharibiwe. Jeni yake nayo huamshwa na SREBP-2, kwa hiyo statini huongeza kipokezi na mharibifu wake kwa wakati mmoja. Pima PCSK9 katika kiowevu ulichokusanya kutoka visima vile vile, kisha urudie jaribio ukiwa umeongeza kingamwili inayoizuia. Uso ukipanda sasa, andika katika tasnifu kwamba kampaundi yako huamsha jeni ya kipokezi lakini faida yake huliwa na PCSK9, na uweke matokeo ya mRNA, ya uso na ya kiowevu katika mchoro mmoja ili msomaji ayaone pamoja.