Mgeni kutoka Ufini kwenye kipindi cha Kiingereza: jinsi ya kuwaandaa wanafunzi wamhoji

Mgeni wa kigeni akiingia darasani, mara nyingi mambo huenda hivi: anasimama mbele, anajitambulisha, anazungumza nusu saa kuhusu kwao, wanafunzi wanapiga makofi, picha inapigwa, kengele inalia. Kesho yake ukiwauliza wamejifunza nini, watakwambia kule kuna baridi. Na Kiingereza walichotamka wao wenyewe hakizidi "Good morning, madam."

Mwongozo huu unawapa wanafunzi kazi ya kuuliza. Mgeni anajibu, mwalimu anasimamia saa. Umeandikwa kwa Kidato cha Pili cha Tanzania, mkondo wa wanafunzi 48, vipindi viwili vya mfululizo vya dakika 40, na mgeni wa mfano anatoka Ufini, nchi ambayo ramani nyingi za ukutani huiandika Finland. Tumeichagua kwa makusudi. Wanafunzi wengi hawana majibu yake kichwani, kwa hiyo wanapouliza wanauliza kweli. Tena mgeni huyu naye Kiingereza amekisomea shuleni: Kifini, kama Kiswahili, hakitofautishi he na she, wala hakina a na the. Makosa yanayowasumbua wanafunzi wako anayafahamu tangu akiwa dawatini, na hiyo peke yake huwaondolea woga.

Hatua ya 1: Ruhusa na makubaliano, wiki mbili kabla

Anza kwa mkuu wa shule, ukiwa na andalio la somo mkononi. Aliyeingia nchini kwa viza ya matembezi haruhusiwi kufanya kazi, na kufundisha kwa kujitolea nako huhesabiwa kazi. Kwa hiyo andika waziwazi kwamba mgeni anahojiwa katika somo moja tu na mwalimu wa somo ni wewe. Suala la picha limalizwe hapo hapo: bila idhini ya wazazi, simu zikae mfukoni.

Kisha mwandikie mgeni ujumbe mfupi. Mwambie asiandae hotuba. Kila swali alijibu kwa sentensi tatu au nne, halafu anyamaze asubiri swali jingine. Namba na majina ya mahali ayaandike ubaoni, kwa sababu mwanafunzi aliyekaa nyuma hawezi kunasa jina la mji kama Rovaniemi kwa kulisikia mara moja. Alete vitu vitatu vidogo vya kushikwa mkononi: sarafu ya yuro, picha ya shule aliyosoma, na kile kipande cha plastiki kinachong'aa kwenye taa za gari ambacho Wafini huning'iniza kwenye koti wakati wa giza. Zawadi za kugawa asilete. Mfuko wa peremende ukionekana, hakuna atakayesikiliza tena. Kama anataka kuonjesha mkate wa kwao, angalia kwanza kalenda, maana ukiangukia Ramadhani nusu ya darasa huenda imefunga.

Kubalianeni pia ataitwaje. Ufini mwanafunzi humwita mwalimu kwa jina lake la kwanza na hakuna anayeshtuka. Hapa kwetu wanafunzi watasimama na kusema "Madam". Mgeni ajue hivyo mapema, asianze kuwakataza mbele ya darasa.

Hatua ya 2: Kipindi cha msingi, siku tatu kabla

Darasa lisilojua lolote huuliza maswali ambayo atlasi ingeyajibu, na dakika za mgeni zinapotelea huko. Tumia kipindi kimoja kuweka ubaoni mambo machache, kila moja likisimama kando ya jambo la hapa nyumbani:

Eneo: takriban kilomita za mraba 338,000. Tanzania ni karibu mara tatu ya hapo.

Watu: kama milioni 5.6. Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 5.38 katika Mkoa wa Dar es Salaam pekee.

Maziwa: takriban 188,000, ukihesabu hata yale madogo ya mita za mraba 500. Hata hivyo yote kwa pamoja hayafikii ukubwa wa Ziwa Victoria, ambalo lina kilomita za mraba zipatazo 68,800.

Uhuru: 6 Desemba 1917, kutoka Urusi. Tanganyika: 9 Desemba 1961.

Saa: kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba saa ya Helsinki, mji mkuu wa Ufini, na ya Dodoma ni ileile. Miezi mingine Helsinki iko nyuma kwa saa moja.

Ongeza mambo mawili yanayotuunganisha na nchi hiyo. La kwanza ni Kibaha: kituo kilichokuja kuwa Shirika la Elimu Kibaha kilianzishwa miaka ya 1960 kwa ushirikiano na nchi za Nodiki, yaani za kaskazini mwa Ulaya, Ufini ikiwamo, na kikakabidhiwa kwa serikali yetu mwaka 1970. La pili ni Martti Ahtisaari, aliyekuwa balozi wa Ufini hapa Tanzania kuanzia 1973 hadi 1977, akawa rais wa nchi yake mwaka 1994 hadi 2000, na mwaka 2008 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Wanafunzi wakijua kwamba rais wa nchi ya mbali aliwahi kuishi Dar es Salaam, maswali yao hubadilika mara moja.

Hatua ya 3: Kutunga maswali

Hapa ndipo somo lote lilipo, kwa hiyo usipaharakishe. Gawa darasa katika makundi manane ya watu sita. Mada: hali ya hewa, mwanga na giza, shule, chakula, kazi na usafiri, historia na serikali, lugha, familia na sherehe. Kila kundi litunge swali moja la kufungulia na mawili ya kufuatia. Yanakuwa maswali 24, na kwa dakika tano kila kundi yanatosha dakika 40.

Swali la kwanza watakalokuletea ni "Is Finland cold?" Mgeni atasema "Yes", mada imekufa. Wafundishe kumuuliza mtu anafanya nini, saa ngapi, kwa njia gani. Andika mnyororo huu ubaoni uwe mfano:

"What time does the sun rise in Helsinki in December?"
"At about twenty past nine."
"So do children walk to school in the dark?"
"Yes, they do."
"Then how do drivers see them?"

Swali la tatu linamfanya mgeni atoe kile kipande kinachong'aa, aeleze kwamba sheria ya kwao inamtaka mtembea kwa miguu awe nacho gizani, na darasa zima linaanza kufikiria barabara inayopita mbele ya shule yao. Hakuna kitabu kilichowatuma waulize hivyo. Limetoka kwenye jibu la pili, na ustadi wa kushika jibu na kulitolea swali ndio unaotafutwa.

Makosa ya sarufi yatakuwa yaleyale, kwa hiyo yatarajie. Kiswahili hukiacha kitenzi mahali pake hata kwenye swali, ndipo zinapozaliwa "Where you come from?" na "Why you eat fish?" Kuna "How do you call this?" badala ya "What do you call this?", na "Does she likes". Sahihisha kwa mdomo, kundi zima likirudia mara tatu, kisha waandike upya swali lote. Ukisahihisha kwa kalamu nyekundu tu, siku ya mgeni watasoma lile la zamani.

Kosa la saa lina uzito wa pekee katika somo hili. Mwanafunzi atamwambia mgeni shule inaanza "at one o'clock" akimaanisha saa moja asubuhi, na mgeni atarudi kwao akiamini watoto wetu wanasoma mchana tu. Fanyeni zoezi la dakika tano: saa moja ni seven, saa tatu ni nine, saa sita ni twelve.

Yako maswali utakayoyazuia. Mshahara wako ni kiasi gani, umeolewa, unaweza kunisaidia nifike Ulaya: usiyacheke, yanatoka kwenye shauku ya kweli. Yageuze yamhusu mtu yeyote wa kule. "Are you married?" inakuwa "At what age do people in Finland usually get married?" Ombi la msaada linakatazwa, na sababu inaelezwa: mgeni akiombwa mbele za watu, mazungumzo huishia hapo.

Hatua ya 4: Majukumu na jaribio, siku moja kabla

Ndani ya kundi kila mtu ana kazi. Mmoja anafungua, wawili wanafuatia, wawili wanaandika, wa sita anarudisha jibu kwa maneno yake: "Do you mean that…?" Bila huyu wa sita, darasa huitikia kwa kichwa hata pale ambapo halijaelewa. Fundisha pia sentensi mbili za kujiokoa: "Could you say that again, please?" na "How do you spell that?" Zibaki kwenye manila ukutani.

Wewe uwe mgeni wa majaribio. Jibu haraka kidogo, meza maneno, taja jina gumu, uone nani ataomba urudie. Na waonye kuhusu ukimya: Wafini wengi hunyamaza kabla ya kujibu. Mwanafunzi asidhani hakusikika akarukia swali jingine; ahesabu moja hadi tano moyoni.

Hatua ya 5: Siku yenyewe, dakika 80

Dakika 10 za kwanza: salamu, jina, nchi kwenye ramani. Mgeni asogee karibu na safu ya tatu, asing'ang'anie ubao. Picha iwe imechapishwa, kwa sababu umeme una tabia zake.

Dakika 40: makundi manane, dakika tano kila moja, kiranja akishika saa. Anza na kundi la shule. Wanafunzi hawa wana mengi ya kulinganisha: Ufini mtoto huanza darasa la kwanza mwaka anaotimiza miaka saba, chakula cha mchana shuleni ni bure tangu 1948, na alama huenda kutoka 4, ambayo ni kufeli, hadi 10. Baada ya hapo kundi la mwanga na giza, kwa sababu kaskazini kabisa, kama Utsjoki, jua halichomozi kwa wiki kadhaa katikati ya majira ya baridi, na kiangazi halizami kwa zaidi ya miezi miwili. Kundi lenye mada ngumu, historia na serikali, lije mwishoni masikio yakishazoea sauti ya mgeni.

Dakika 20: mgeni anawauliza wao. Kipengele hiki hurukwa mara nyingi, na ni hasara kubwa, kwa sababu hapa mwanafunzi ndiye mwenye habari. Mgeni aulize jinsi ya kupika makande, nauli ya kwenda mjini, mvua za masika huanza lini. Wafini wako miongoni mwa watu wanaokunywa kahawa nyingi zaidi duniani. Kama shule iko Kagera, Kilimanjaro au Mbinga, mgeni aulize kahawa inavunwaje, na wale wasiofungua mdomo mwaka mzima watafungua.

Dakika 10 za mwisho: kila kundi lisome jambo moja lililoandika, mgeni athibitishe au asahihishe.

Yanayoharibika siku hiyo yanajulikana. Mgeni akianza kuhutubia, simama ulipo, useme "Thank you. Next question, please." Wanafunzi watatu wakitawala, kumbusha majukumu, anayefuatia hawezi kufungua. Darasa likicheka matamshi ya mwenzao, mwombe mgeni arudie swali lile kwa sauti na alijibu, kicheko kitaisha. Wanafunzi wa mikondo mingine wakijaa madirishani, zungumza mapema na mwalimu wa zamu. Na wewe usitafsiri. Ukitafsiri jibu la kwanza, hakuna atakayesikiliza la pili kwa Kiingereza. Neno moja likikwama, liandike ubaoni.

Hatua ya 6: Kipindi kinachofuata

Kifanyike kesho yake, isipite wiki. Wachore safu tatu daftarini: alichosema mgeni, kinachosema atlasi au kitabu, na tunachobaki nacho kama swali. Hapo fundisha kauli taarifa kwa sentensi walizozisikia wenyewe: "I walk to school" inakuwa "She said that she walked to school." He na she zisahihishwe kila zinapogongana.

Sisitiza tofauti kati ya mtu mmoja na taifa. Mgeni akisema kwao wanaoga sauna kila Jumamosi, hiyo ni familia yake. Kwamba nchi ina sauna zipatazo milioni tatu ni jambo jingine, na linahitaji chanzo kingine. Wape vianzio vitatu vya sentensi na wachague kinachostahili: "In her family…", "Many people in Finland…", "The atlas shows that…". Mwanafunzi anayeandika "All Finns…" arudishiwe daftari, hata kama sarufi yake ni safi.

Kazi ya kuandika ni aya moja ya maneno 120. Unaposahihisha, shika mambo mawili tu: muundo wa maswali na kauli taarifa. Ukisahihisha kila kitu katika madaftari 48, yatarudi baada ya wiki tatu yakiwa hayana faida.

Barua ya shukrani iwe moja ya darasa zima, yenye mambo mawili waliyojifunza na maswali matatu kutoka ile safu ya mwisho. Itumwe ndani ya siku saba kupitia namba ya shule au barua pepe ya ofisi. Namba za wanafunzi zisitolewe. Majibu yakirudi, yabandike ukutani na uyasome na darasa kama zoezi la ufahamu la wiki inayofuata.