Vitabu vya kuanzia historia ya Unguja na Tanganyika, na mpangilio wa kuvisoma

Wanaotaka kuijua historia ya Tanganyika wengi hukwama mapema kwa sababu ya kitabu walichoanza nacho. Mtu anaambiwa kitabu bora ni *A Modern History of Tanganyika* cha John Iliffe, kilichotoka 1979, na kweli ni bora. Anakichukua, anakuta kurasa zaidi ya 600, na baada ya wiki mbili kimerudi kabatini. Iliffe anamwandikia msomaji ambaye tayari anajua kwa nini Tabora ilikuwa njia panda ya misafara. Huko utafika. Kwanza msikilize aliyekuwapo, tena akisema Kiswahili.

Kwa hiyo cha kwanza kiwe *Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip*, masimulizi ya mfanyabiashara wa misafara kutoka Unguja. Tafuta toleo la W. H. Whiteley, lenye Kiswahili pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Si kirefu, kurasa kumi kwa usiku zinatosha. Anaanza akiwa na miaka kumi na miwili, akienda safari za karibu kununua sandarusi, utomvu mgumu wa mti, na kabla hujachoka yuko ng'ambo ya Ziwa Tanganyika kutafuta pembe za ndovu.

Ugumu wake ni kwamba miaka haitaji ila kwa nadra, na msomaji hupotea. Chukua karatasi, chora mstari, weka alama nne: 1873, soko la watumwa la Unguja linafungwa, 1876, anakutana na msafiri Mzungu Stanley karibu na Nyangwe huko Kongo, 1887, Mfalme Leopold wa Ubelgiji anamfanya liwali wa Stanley Falls huko huko, 1905, anafariki Unguja. Kila tukio lisogeze karibu na alama yake. Pembeni chora ramani ya mkono: Bagamoyo, Tabora, Ujiji, Kasongo. Tena kumbuka anayesimulia ni mwenye bunduki. Waliotekwa na waliobeba pembe mabegani hawapewi nafasi ya kusema, basi kila akitaja mateka weka alama ya penseli. Alama hizo utazihitaji ukifika kitabu cha tatu.

Cha pili ni *Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima* wa Hemedi bin Abdallah el Buhriy, juu ya vita vya 1888 na 1889, Wajerumani (Wadachi) walipoitwaa Mrima, yaani pwani ya Tanganyika. Usome kwa sauti, maana mizani minane ya kila kipande husikika vizuri mdomoni kuliko machoni. Uamini zaidi kwa majina ya watu na miji, na kwa jinsi watu wa Mrima walivyoliona jambo lenyewe. Idadi za watu na majeshi usizichukue hapo bila kuzilinganisha na kitabu kingine: mshairi amefungwa na vina.

Sasa ndipo umsome mtaalamu. Abdul Sheriff, katika *Slaves, Spices and Ivory in Zanzibar* cha 1987, anachukua miaka ya 1770 hadi 1873 na kueleza kilichowasukuma akina Tippu Tip bara. Bei ya pembe ilipanda muda mrefu huku vitu vya viwandani vilivyoletwa kubadilishana nazo vikishuka bei, na mashamba ya karafuu Unguja na Pemba yalihitaji mikono. Rudi kwenye alama zako za penseli. Sasa utaona mateka wale walikuwa wakipelekwa wapi.

Baada ya hapo Iliffe anasomeka, ila usianze ukurasa wa kwanza. Fungua yaliyomo, nenda kwenye sura ya Majimaji, 1905 hadi 1907. Hapo jifunze jambo litakalokufaa kwa kitabu chochote. Ukisoma vitabu kadhaa utakuta waliokufa ni 75,000 katika kimoja, na 250,000 hadi 300,000 katika kingine. Usichague namba inayokupendeza. Uliza nani alihesabu na alihesabu nini. Ile ndogo ilitoka serikalini kwa Wajerumani. Ile kubwa ni makadirio ya mwanahistoria G. C. K. Gwassa, anayeitia hesabuni njaa iliyofuata baada ya mashamba na maghala kuchomwa.

Walter Rodney, *How Europe Underdeveloped Africa*, 1972, tunamweka mwisho kwa makusudi. Ni kitabu cha hoja, tena hoja nzito, kinacholiangalia bara zima. Anayekisoma kwanza hulazimisha kila kisa kiingie ndani ya hoja hiyo. Anayekisoma baada ya vinne vilivyotangulia anaweza kubishana nacho kwa mifano.

Ukiwa dukani, geuza ukurasa wa haki za uchapaji utazame mwaka wa toleo la kwanza. Jalada jipya halifanyi utafiti kuwa mpya. Kisha angalia nyuma: kitabu cha utafiti kisicho na tanbihi wala faharasa usikilipie bei ya kitabu kilicho navyo. Vingi kati ya hivi ni adimu madukani, kwa hiyo uliza kwanza Maktaba Kuu ya Taifa Dar es Salaam, au sehemu ya East Africana, yenye vitabu vya Afrika Mashariki, katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani. Nenda na daftari na penseli, na ramani yako ya mkono.